Kusomea Udongo: Akiolojia na Historia Yetu Hapa Nyeri

 

Mwaka jana mpwa wangu, binti ya dada yangu, aliitwa kujiunga na chuo kikuu huko Nairobi. Nyumba nzima tulikuwa tunangoja kusikia ualimu, uuguzi, au angalau biashara. Kumbe yeye alikuwa amejaza historia na akiolojia, na ndivyo alivyopewa. Mama yangu, ambaye watoto wote wa Majengo wanamwita Shosho, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Hiyo akiolojia ni kitu gani?" Msichana akaeleza kwamba ni elimu ya kuchimba ardhi ili tujue watu wa zamani waliishi vipi. Shosho akasema, "Yaani utoke hapa mpaka Nairobi, ulipiwe karo, usomee kufukua makaburi?"

Tulicheka wote, lakini swali halikuishia pale. Baba yake aliuliza kazi iko wapi. Ami yake akasema hayo ni mambo ya Wazungu wanaotafuta mifupa ya nyani. Jirani mmoja, mtu wa dini sana, akataka kujua kama inajuzu. Macho yote yakanigeukia mimi, kwa sababu nililisoma somo hilo kabla sijaingia ualimu, na wallahi siku hiyo sikujibu vizuri. Makala haya ni jibu langu lililochelewa.

Nitaanza mbali kidogo na Nyeri. Katika kisiwa cha Pate, upande wa Lamu, karibu na mji wa Siyu, kuna magofu yanaitwa Shanga. Mji huo ulihamwa karibu mwaka 1425 na haukukaliwa tena. Mwaka 1980 kijana Mwingereza, Mark Horton, alianza kuchimba pale, na kazi iliendelea kwa misimu kadhaa hadi 1988.

Kabla ya hapo, hadithi tuliyosomeshwa wengi wetu ilikuwa fupi: Waarabu walikuja kwa majahazi, wakajenga miji ya mawe, Uislamu ukaanza. Wanaakiolojia wa mwanzo nao walikubaliana nayo kwa kiasi kikubwa. James Kirkman, aliyeanza kuchimba Gedi mwaka 1948, na Neville Chittick, aliyechimba Kilwa na baadaye Manda, waliiona miji ile kama kazi ya wageni kutoka ng'ambo. Siwalaumu sana. Walifanya kazi kubwa, na bila wao Gedi pengine ingekuwa msitu tu mpaka leo. Lakini macho yao yalivutwa na mawe: misikiti, majumba, makaburi ya mnara, sahani za China. Mtu akitazama mawe tu, anaona matajiri tu.

Kule Shanga, Horton alishuka chini ya mawe. Chini ya msikiti wa Ijumaa alikuta msikiti mwingine wa zamani zaidi, na chini ya huo mwingine tena. Akaendelea kushuka mpaka mawe yakaisha kabisa. Hapo chini palikuwa na alama za duara tu kwenye udongo, rangi yake imetofautiana kidogo na udongo unaozizunguka. Mtu asiyefunzwa angezipitia kwa jembe bila habari.

Alama hizo zilikuwa mashimo ya nguzo. Nguzo zenyewe zilioza zamani, lakini ukishachimba shimo na kusimamisha mti, udongo wa pale haurudi tena kuwa kama ulivyokuwa. Ukiunganisha alama moja hadi nyingine unapata chumba kidogo cha miti, kimeelekezwa upande wa kibla. Juu yake kimejengwa kingine, na kingine tena, mahali palepale, kila kizazi kikipanua kidogo, mpaka ukafika msikiti wa mawe ya matumbawe. Ule wa chini kabisa ulikadiriwa kuwa wa karibu mwaka 780 Miladia. Toa 622, mwaka wa Hijra, utaona ni miaka 158 tu. Bado wanafunzi wa wanafunzi wa Masahaba walikuwa hai, na hapa kwetu, katika ardhi ambayo leo ni Kenya, watu walikuwa wanasimamisha swala chini ya paa la miti.

Tena kibla ya misikiti ile ya mwanzo haikukaa sawasawa. Waliojenga baadaye waliirekebisha. Mimi jambo hili hunigusa kila nikilikumbuka. Nawaona wale watu wachache, pengine wafanyabiashara waliosilimu safarini, wamerudi nyumbani na wanajaribu kukisia Makka iko upande gani, hawana dira. Kisha anakuja mgeni mjuzi zaidi, anawaambia, "Ndugu zangu, geukeni kidogo."

Na vyungu vilivyokuwa katika matabaka hayo ya chini? Sehemu kubwa ni vya udongo wa palepale, vimechorwa kwa mtindo unaojulikana katika pwani nzima na hata bara. Zilipatikana pia sarafu ndogo za fedha zenye majina ya Kiislamu. Kwa hiyo picha iliyotoka Shanga ni ya wenyeji, wakaao nyumba za miti na udongo, wapikao kwa vyungu vyao wenyewe, walioingia katika Uislamu kidogo kidogo. Mawe yalikuja baadaye.

Wala maandishi hayakutunyima habari, ni sisi tu hatukuyasoma kwa makini. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba misikiti ya pale ilikuwa ya mbao, imejengwa vizuri sana, na watu wake ni wacha Mungu. Mbao! Miaka 550 baada ya ule msikiti wa Shanga, mji mzima ulikuwa bado unaswali ndani ya mbao, na hakuna aliyeona ni aibu.

Baadaye kazi hii ilishikwa na Waafrika wenyewe. George Abungu, aliyekuja kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya mwaka 1999, Chapurukha Kusimba aliyechimba Mtwapa, Athman Lali Omar aliyefanya kazi na Makumbusho ya Taifa huko Pwani kwa miaka mingi, na upande wa Tanzania Felix Chami. Hawa hawakubaliani kwa kila kitu, lakini wote walikataa kusimuliwa historia ya Waswahili kama vile Mwafrika alikuwa mpagazi tu ndani yake.

Mwezi wa Machi 2023, nasi tuko katika siku za mwanzo za Ramadhan, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba, ile wanayoita DNA, ambao Kusimba alikuwa mmoja wa viongozi wake. Walipima mabaki ya watu 80, wengi wao wa miji ya kale ya Pwani ya Kenya na Tanzania, walioishi kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Kwa wengi wa watu hao wa pwani, zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka Afrika, hasa kwa upande wa akina mama. Sehemu kubwa nyingine ilitoka Asia, na katika hiyo ya Asia, asilimia 80 hadi 90 ilitokana na wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza karibu mwaka 1000. Kwa hiyo wale wazee waliokuwa wakisimulia habari za Washirazi, ambao wasomi fulani waliwacheka, hawakuwa wanatunga uongo. Na wale waliosema Waswahili ni Waafrika nao walikuwa na haki yao. Nilichokiona siku zile ni kwamba kila mtu alichagua nusu aliyoipenda, akaenda nayo.

Sasa utaniuliza, hayo ni ya Pwani, sisi huku kwenye baridi na majani chai yanatuhusu nini?

Basi turudi nyumbani. Kila mtoto aliyelelewa na shosho au guka hapa Nyeri amesikia habari za Gumba, wale watu wafupi walioishi kabla ya Wagikuyu kuenea, ambao inasemekana walikaa ndani ya mashimo na siku moja wakatoweka. Mashimo yenyewe yapo, yanaonekana katika miteremko kadhaa ya Nyeri na Murang'a kama mabonde madogo ya duara. Mwanaakiolojia wa kutoka Finland, Ari Siiriäinen, alichimba mahali panaitwa Gatung'ang'a, upande wa Mathira, akachapisha matokeo mwaka 1971. Alikuta vigae vya vyungu, vifaa vya mawe na dalili za kazi ya chuma. Tarehe zilizotoka ni za karne ya 12 hadi ya 14 hivi. Kwa hesabu yetu, wakati Kilwa inapiga sarafu na Gedi inajengwa, huku Mathira kulikuwa na watu wanafinyanga na kufua chuma.

Na vyungu vyao je? Siiriäinen aliona vina unasaba na vyungu vya zamani zaidi vinavyoitwa vya Kwale, kwa sababu vilitambuliwa mara ya kwanza kule Kwale, nyuma ya Mombasa, katika miaka ya 1960, na umri wake ni karne za mwanzo za Miladia. Hebu fikiria. Kigae kinachookotwa kwenye shamba la viazi Mathira kina ukoo na kigae cha Kwale. Sisemi kwamba watu wa Gatung'ang'a walikuwa Waislamu, hakuna dalili kama hiyo. Ninachosema ni kwamba mtu akikwambia mlima na pwani havikujuana mpaka reli ilipokuja, muulize kuhusu vyungu.

Uislamu wenyewe huku kwetu ulikuja kwa miguu. Wakamba walipeleka pembe za ndovu Mombasa katika karne ya 19, na biashara yao ilifika mpaka pande za mlima. Mwaka 1887 Samuel Teleki, kabaila wa Hungary, alipita ukingo wa magharibi wa nchi ya Wagikuyu, akapiga kambi Ndoro kisha akapanda sehemu ya Mlima Kenya. Vitabu vinamsifu yeye. Lakini alikuwa na msafara wa watu zaidi ya 200, wengi wao wapagazi wa Zanzibar na mrima, na kiongozi wa njia alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara Mswahili wa Pangani. Mimi najiuliza kila nikipita njia ya Naro Moru: asubuhi ile ya baridi, na barafu ya mlima inang'aa mbele yao, ni nani aliyeadhini?

Mji wa Nyeri wenyewe ulianzishwa na Waingereza Desemba 1902, baada ya vita dhidi ya watu wa Tetu. Mmoja wa maafisa waliokuwapo, Richard Meinertzhagen, aliacha shajara ndefu. Lakini mtu huyo alikuja kugunduliwa kuwa mdanganyifu katika kazi yake ya ndege, na shajara zake wasomi wanazisoma kwa tahadhari. Hivyo hata maandishi yanayohusu kuzaliwa kwa mji wetu hayana uhakika kila mstari. Embu ilifuata 1906, Meru 1908. Kila kituo cha serikali kilipoanzishwa walikuja askari, wapagazi, wapishi, wakalimani na wachuuzi, na wengi kati yao walikuwa Waislamu, Waswahili na Wanubi. Wakaoa huku, wenyeji wakasilimu, na pakatokea mtaa. Ndiyo sababu ukienda Nyeri, Nanyuki, Meru au Embu unakuta mahali panaitwa Majengo. Sisi tumelizoea jina hilo hatulifikirii, lakini lenyewe ni ushahidi. Ni neno la Kiswahili lililopandwa katikati ya nchi ya Wagikuyu, Wameru na Waembu.

Angalia na nyumba zenyewe, hizi za zamani zilizobaki. Nyumba ya Mgikuyu ilikuwa ya duara. Nyumba ya Majengo ni ya pembe nne, ina baraza mbele, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na uani kuna jiko na choo. Hiyo ni nyumba ya Kiswahili kamili, imepanda mlima, ikavishwa mabati kwa sababu ya mvua. Imejengwa kwa nini? Kwa nguzo za miti na udongo. Msikiti wa kwanza katika miji yetu mingi ulikuwa hivyo hivyo. Yaani sisi tuko pale Shanga ilipokuwa mwanzo, kabla ya mawe.

Na hapa ndipo penye uchungu wangu. Miaka michache iliyopita, katika mji mmoja wa huku mlimani ambao sitautaja, msikiti wa zamani wa udongo ulibomolewa ili ujengwe wa ghorofa. Hilo si kosa, watu wameongezeka na tunahitaji nafasi, Mwenyezi Mungu awalipe kheri waliochanga. Lakini hakuna aliyepiga picha. Hakuna aliyepima. Mbao zenye majina ya wazee waliotoa ardhi zilitumika kama kuni siku ya karamu ya fundi. Nilifika jioni, nikakuta mashine imekwisha kuchimba msingi wa zege futi nyingi kwenda chini. Shanga ilihifadhi alama za nguzo kwa miaka 1,200 kwa sababu waliojenga juu hawakuchimba sana. Sisi tukichimba msingi wa ghorofa, hata alama hatuachi. Mtu akija baada ya miaka 200 kuuliza kama kulikuwa na Waislamu hapa mwaka 1910, udongo hautamwambia chochote.

Wala tusitegemee sheria itatuokoa yenyewe. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kitu kuwa cha kale kama kilitengenezwa Kenya au kuletwa kabla ya mwaka 1895. Nyeri ni ya 1902. Majengo yetu yote ni machanga kwa miaka michache tu! Jengo la baadaye linaweza kulindwa, lakini lazima litangazwe rasmi na waziri, na ili litangazwe lazima mtu aombe, aandike, aeleze umuhimu wake. Inawezekana. Makumbusho ya Nyeri pale Ruring'u yamo ndani ya mahakama ya wenyeji ya enzi za mkoloni. Makumbusho ya Meru, yaliyofunguliwa 1974, yamo ndani ya ofisi ya zamani ya DC. Nyumba ya Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, imetunzwa Nyeri na wageni wanatoka Ulaya kuja kuiona. Mahakama ilipata mtu wa kuisemea, DC alipata, Baden-Powell alipata. Majengo bado.

Hiyo ndiyo sababu nilifurahi mpwa wangu alipochagua alichochagua, ingawa siku ile nilishindwa kuisema.

Kwa wazazi wanaotaka kujua mtoto anafundishwa nini hasa: anafundishwa kwanza kutembea na kutazama, kuchora ramani ya mahali kabla ya kugusa kitu. Kisha kuchimba kwa mpango, mraba kwa mraba, kwa mwiko wa fundi na brashi badala ya jembe, udongo wote ukipitishwa kwenye chekecheke. Anajifunza kwamba tabaka la chini kwa kawaida ni la zamani kuliko la juu, na kwamba kigae kikishatolewa bila kuandikwa kilikuwa tabaka gani, kinabaki kuwa takataka tu. Anajifunza kupima umri wa mkaa wa jikoni kwa kaboni 14, njia iliyogunduliwa na Mmarekani Willard Libby mwishoni mwa miaka ya 1940: kitu chenye uhai kikifa, kaboni hiyo hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, basi wanapima iliyobaki na kupiga hesabu. Kuna sheria pia, na uandishi mwingi wa ripoti, ambao hakuna anayeupenda.

Ami yake alizungumzia nyani. Wanaotafuta visukuku vya viumbe wa mamilioni ya miaka wana fani yao jirani, na mtu wake mashuhuri hapa Kenya alikuwa Kamoya Kimeu, aliyefariki 2022, aliyegundua mifupa ya yule kijana wa Turkana mwaka 1984 bila kuwa amesoma chuo kikuu. Akiolojia kazi yake kubwa ni vitu vilivyopita katika mikono ya watu: chungu, jembe, shanga, ukuta. Maswali ya imani mwanafunzi atakutana nayo, kama vile anavyokutana nayo katika biolojia ya sekondari, na ni heri akutane nayo akiwa anasoma kuliko akiwa amekimbia.

Swali la makaburi ni zito zaidi, na jirani yetu alikuwa na haki kuuliza. Heshima ya maiti katika Uislamu haiishi kwa sababu miaka imepita. Sitatoa fatwa, hilo tuwaachie masheikh. Lakini mjue kwamba kazi nyingi ya akiolojia haigusi kaburi hata moja, na inapogusa, mazungumzo na jamii inayohusika yanazidi kuwa sharti kila mwaka. Katika meza hiyo ya mazungumzo nani atakaa kwa niaba yetu, kama hatuna watoto waliosoma? Zamani Waislamu hawakuogopa. Abd al-Latif al-Baghdadi, tabibu aliyekuwa Misri wakati wa njaa kali ya mwaka 1200 hadi 1202, alitazama mafuvu mengi ya waliokufa na akathibitisha kwamba taya la chini la binadamu ni mfupa mmoja, kinyume cha alivyofundisha Galen kwa karne nyingi. Mtu huyohuyo aliandika kwa mapenzi makubwa kuhusu mapiramidi, akawalaumu waliokuwa wakibomoa majengo ya kale kutafuta hazina.

Na kaburi lenyewe lina la kusema. Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, walipata mtoto wa miaka kama miwili na nusu hadi mitatu aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita. Habari zake zilichapishwa 2021, wakampa jina la Mtoto. Alilazwa ubavu, amekunjwa magoti, na kichwa kilivyokaa kinaonyesha kiliegemezwa kwenye kitu laini kilichooza, kama mto. Ni maziko ya zamani zaidi yanayojulikana katika Afrika. Nilipomsomea Shosho habari hii alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe hata hao walimlaza vizuri."

Kuhusu kazi, sitawadanganya. Nafasi ni chache na anayetaka utajiri wa haraka atafute kingine. Zipo katika Makumbusho ya Taifa, vyuo vikuu, ofisi za utamaduni za kaunti, na katika ukaguzi wa mazingira unaotakiwa kabla ya barabara au bwawa kujengwa. Mimi mwenyewe niliishia darasani. Sijutii.

Wiki iliyopita binti alikuja nyumbani kwa siku mbili kufuturu nasi. Alikuwa amepewa kazi ya kuchora ramani ya nyumba yoyote ya zamani, akachagua ya Shosho. Kutwa nzima alikuwa na utepe wa kupimia, mdogo wake ameshika upande mwingine, Shosho amekaa barazani na tasbihi yake anajifanya hatazami. Karibu na magharibi akaomba aonyeshwe karatasi. Akaitazama akasema mlango wa jiko haukuwa pale zamani, ulihamishwa mwaka aliozaliwa dada yangu, na kwamba chumba cha mwisho kilikuwa madrasa kabla hakijawa stoo. Binti akaandika yote pembeni kwa penseli. Kisha Shosho akauliza, "Zile nguzo za Shanga, zilikuwa za mti gani?"

Msichana akasema hajui, atamuuliza mwalimu.

"Zetu ni za mutarakwa," Shosho akasema. "Mchwa haugusi. Andika." Na adhana ikaingia.